Behy: Kitongoji Chenye Mashamba Chini ya Mboji

Msafiri aendaye kwa barabara ya pwani kutoka mji mdogo wa Ballycastle kuelekea magharibi, katika kaunti ya Mayo nchini Ayalandi, huwa na bahari ya Atlantiki mkono wake wa kulia na kilima kipana cha rangi ya kahawia mkono wake wa kushoto. Baada ya mwendo wa kilomita nane hivi huwa amefika katika ardhi ya Behy. Hapana mji mahali hapo, wala soko; nyumba ni chache na ziko mbalimbali. Upande wa bahari majabali yanashuka wima zaidi ya mita mia moja, na katika uso wake huonekana matabaka ya mawe ya mchanga, ya udongo mgumu na ya chokaa, yaliyolala moja juu ya jingine kwa zaidi ya miaka milioni 300. Upande wa pili ardhi inapanda taratibu, nayo imefunikwa yote na kinamasi chenye nyasi ngumu zinazolazwa na upepo.

Mtu asiyeambiwa kitu atapita akidhani kwamba amepita katika nyika ambayo haikupata kulimwa tangu dunia iumbwe. Lakini chini ya kinamasi hicho zimo kuta za mawe zilizogawa mashamba, zikienda sambamba kutoka karibu na ukingo wa majabali kuelekea bara, na zikikatwa na kuta nyingine fupi. Wataalamu wengi huyahesabu mashamba hayo kuwa miongoni mwa ya kale kabisa yajulikanayo duniani. Wachache hawakubali. Jinsi kuta hizo zilivyogunduliwa, na jinsi umri wake unavyobishaniwa, ni jambo linalostahili kufuatwa hatua kwa hatua na yeyote anayefundisha au kujifunza jiografia na historia.

Maana ya kitongoji

Yafaa kwanza kueleza namna Waayalandi wanavyoigawa nchi yao. Kisiwa kizima kina kaunti 32. Kaunti zimegawanywa katika tarafa na parokia. Na kila parokia imegawanywa tena katika vipande vidogo ambavyo kwa lugha ya Kiayalandi kila kimoja huitwa baile fearainn. Katika makala haya kipande hicho kitaitwa kitongoji, ingawa ipo tofauti moja ya kukumbukwa. Sisi tusemapo kitongoji twafikiria watu na nyumba zao. Kitongoji cha Ayalandi ni ardhi kwanza, yenye mpaka na jina, hata kama hakikaliwi na mtu hata mmoja. Viko zaidi ya 60,000. Kwa wastani kimoja kina eka 325 hivi, lakini wastani huo unaficha mengi: kwenye udongo mzuri vitongoji ni vidogo sana, na kwenye milima na vinamasi huwa vikubwa, kwa kuwa zamani ardhi ilipimwa kwa idadi ya ng'ombe iliyoweza kuwalisha, si kwa kamba.

Kamba na minyororo ya wapimaji ilikuja baadaye. Kati ya 1824 na 1846 maofisa wa upimaji wa jeshi la Uingereza, chini ya Thomas Colby, walikipima kisiwa kizima na kukichora kwa kipimo cha inchi sita kwa kila maili, ili kodi ya ardhi ipate kukadiriwa sawasawa. Pamoja nao alifanya kazi msomi wa Kiayalandi, John O'Donovan, aliyezunguka nchi akiwauliza wenyeji majina ya mahali, matamshi yake na maana yake. Majina mengi yaliandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, nayo yakapoteza sura. Hata hivyo masikio yenye subira huyatambua. Glenulra, kitongoji jirani na Behy, ni Gleann Iolra, yaani Bonde la Tai. Céide, jina la kilima chenyewe na sasa la mashamba yote ya kale, ni kilima chenye kilele bapa. Na Behy linatokana na neno beith, ambalo ni mti wa mbetula. Mbetula ni mti mweupe wa nchi za baridi, nao si mti wa kuotea katika kinamasi kirefu chenye maji. Basi kitongoji kisicho na msitu kinabeba jina la msitu, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mwanafunzi mwerevu aulize kulikuwa na nini hapo zamani.

Viazi na moto

Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa magharibi mwa Ayalandi walikuwa wengi kuliko ardhi yao nzuri ilivyoweza kubeba. Kilichowawezesha kuishi kandokando ya vinamasi ni viazi mviringo, vile vile ambavyo Waingereza wa Afrika Mashariki walivipa jina la Ayalandi ingawa asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Viazi vilipandwa katika matuta yaliyoinuliwa kwa sepetu ili maji yapite mferejini, na eka chache tu ziliweza kulisha jamaa nzima. Mwaka 1841 sensa ilihesabu watu 8,175,124 katika kisiwa kizima. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa viazi uitwao kitaalamu Phytophthora infestans, na kwa miaka kadhaa mazao yakaoza ardhini. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakavuka bahari. Mayo iliumia kupita sehemu nyingi: kutoka watu takriban 389,000 mwaka 1841 walibaki takriban 274,000 mwaka 1851. Wakati huohuo nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa nje ya nchi, na wapangaji walioshindwa kulipa kodi walifukuzwa mashambani. Ugonjwa wa mmea ulitoka kwa maumbile. Kufukuzwa mashambani kulikuwa ni kazi ya wanadamu.

Haishangazi kwamba mgomo mkubwa wa wakulima ulianza katika kaunti hiyo hiyo. Mwaka 1879 Michael Davitt na wenzake walianzisha Umoja wa Ardhi katika mji wa Castlebar, makao makuu ya Mayo, na mwaka uliofuata wakulima wa karibu na ziwa Mask walimtenga msimamizi mmoja wa mashamba, Charles Boycott, hata asipate mtu wa kumvunia wala wa kumuuzia. Jina lake likawa neno la Kiingereza lenye maana ya kususia. Mwaka 1891 serikali iliunda bodi maalumu ya kusaidia maeneo ya magharibi yaliyosongamana watu. Katika sehemu nyingi za magharibi bodi hiyo ilinunua mashamba makubwa, ikaondoa vijisehemu vilivyochanganyikana, na kumpa kila mkulima ukanda mmoja mrefu ulionyooka kutoka chini hadi mlimani, na kuta zikajengwa kutenga ukanda na ukanda. Jambo hili na likumbukwe, maana kanda ndefu zilizonyooka zitaonekana tena.

Katika nchi isiyo na miti watu hupikia nini? Hupikia kinamasi chenyewe. Mboji nyeusi ya kinamasi hukatwa kwa sepetu jembamba lenye ubawa liitwalo sleán, ikapata umbo la tofali refu. Matofali huanikwa wakati wa kiangazi yakauke kwa upepo na jua, kisha hurundikwa kando ya nyumba kwa ajili ya majira ya baridi. Kila jamaa ilikuwa na sehemu yake ya kukata. Mwaka baada ya mwaka ukingo wa mkato ulirudi nyuma, na pale mboji ilipomalizika ilionekana ardhi ya asili iliyokuwa chini yake. Juu ya ardhi hiyo wakataji walikuta visiki vya misonobari vilivyo na mizizi yake bado, na mara kwa mara walikuta mawe.

Mwalimu na rundo la mawe

Mawe katika nchi ya mawe si habari. Lakini katika kijiji cha Belderrig, kilomita chache magharibi ya Behy, katika miaka ya 1930, alikuwako mwalimu wa shule aitwaye Patrick Caulfield, ambaye naye alikata mboji kama majirani zake. Aliona kwamba mawe yale hayakutawanyika ovyo. Yalikuwa yamepangwa katika mstari, moja juu ya jingine, kama ukuta ulioporomoka. Na yalikaa juu ya ardhi ya asili, chini kabisa ya mboji, si ndani yake wala juu yake.

Hoja aliyoijenga juu ya jambo hilo haikuhitaji chombo chochote. Mawe hayawezi kupangwa chini ya mboji baada ya mboji kuwapo. Basi aliyeyapanga alikuwako kabla kinamasi hakijaanza. Hakuna mtu ajengaye ukuta wa shamba msituni au majini. Basi palikuwa na ardhi kavu, iliyofyekwa, na mtu aliyeona haja ya kutenga chake na cha mwenziwe au malisho na malisho. Na kwa kuwa mboji hukua polepole mno, basi mkulima huyo aliishi zamani sana. Caulfield aliliandikia Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Dublin kueleza alichokiona. Uchimbaji haukufuata wakati ule. Miongo mitatu ilipita. Lakini mwalimu huyo alikuwa na mtoto, Seamas, aliyekua akizisikia habari hizo, akasomea akiolojia, na kisha akarudi kwao akiwa mtaalamu.

Wachimbaji walikwisha kufika Behy katika miaka ya 1960. Ruaidhrí de Valera na wenzake walichimba hapo kaburi la mawe makubwa lenye ua mbele yake, la aina iliyojengwa na wakulima wa kwanza wa Ayalandi, ambalo lilikuwa limezama katika mboji karibu lote. Kuta zilionekana zikipita katika eneo hilo hilo. Kuanzia mwisho wa miaka hiyo Michael Herity na Seamas Caulfield walianza kuzifuata, na Caulfield akaendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa.

Kupima bila kuchimba

Ugumu wa kazi ni rahisi kuuelewa. Kuondoa mboji yenye kina cha mita mbili, tatu au nne juu ya kilima kizima kungehitaji fedha na miaka isiyo na hesabu, na mwishowe kungeharibu kinamasi chenyewe. Njia iliyotumika ilitoka kwa wakulima. Wakataji wa mboji walikuwa na desturi ya kutafuta magogo yaliyozikwa kwa kuchomeka fimbo ndefu ya chuma ardhini, maana gogo la msonobari wa kale ni mbao nzuri katika nchi isiyo na miti. Mboji ni laini na fimbo hupita kwa urahisi. Ikigusa udongo wa chini, husimama taratibu. Ikigusa gogo, mlio wake ni mzito. Ikigusa jiwe, mkono huusikia mgongo wake mara moja.

Caulfield na wasaidizi wake walikwenda kwa mistari, wakichomeka fimbo kwa hatua fupi fupi na kuandika kina kila mara. Mahali ambapo kina kilikuwa mita tatu, tatu, tatu, kisha ghafla mbili na nusu juu ya jiwe, kisha tatu tena, hapo palikuwa na ukuta. Fito za mianzi zilisimikwa kila palipopatikana jiwe, na baada ya muda mstari wa fito ulionyesha juu ya kinamasi kile kilichokuwa kimelala chini yake. Kwa njia hii, bila kusumbua ardhi, kuta zenye urefu wa kilomita nyingi zilichorwa kwenye ramani. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba sayansi si lazima ianze na mashine ya gharama.

Ramani iliyotokea iliwashangaza hata waliokuwa wakiitazamia. Kuta ndefu zinakwenda sambamba kutoka upande wa bahari kupanda kilima, zikiacha kati yake kanda zenye upana wa mita mia na hamsini hadi mia mbili. Kuta fupi zinazikata kanda hizo katika mashamba yenye umbo la mstatili, mengine yakiwa na hekta kadhaa. Hapa na pale viko viambaza vya mviringo vilivyozunguka penye makazi. Mfumo wote unachukua zaidi ya hekta elfu moja, ukivuka mipaka ya Behy, Glenulra na vitongoji vingine, na mawe yaliyotumika hukadiriwa kufikia robo milioni ya tani. Hakuna dalili ya ngome. Mashamba ni makubwa mno kwa jembe la mkono, na kwa hiyo Caulfield alieleza kwamba mengi yalikuwa malisho ya ng'ombe: hapo digrii 54 kaskazini ya Ikweta, mkondo wa bahari wenye joto hufanya majira ya baridi kuwa mapole, na majani huota karibu mwaka mzima. Ushahidi wa ng'ombe wenyewe haukubaki, kwani asidi ya mboji huyeyusha mifupa.

Jinsi kinamasi kinavyozaliwa

Mboji si udongo kwa maana ya kawaida. Ni mimea iliyokufa bila kuoza sawasawa. Katika ardhi yenye hewa, jani likianguka huvamiwa na bakteria na kuvu, nalo hurudi kuwa hewa ya ukaa, maji na chumvichumvi. Lakini ardhi ikijaa maji daima, oksijeni haipenyi, na kazi ya kuozesha hudorora. Kila mwaka mimea huongeza kidogo kuliko kinachooza, na tofauti hiyo ndogo hurundikana. Mimea midogo laini ya jamii ya Sphagnum husaidia sana: hunyonya maji kama sifongo, na huyatia asidi maji yanayoizunguka, hata viumbe viozeshavyo vikashindwa kuishi. Kwa kawaida mboji huongezeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka. Mwanafunzi anaweza kupiga hesabu mwenyewe: mboji ya mita nne ni kazi ya miaka ipatayo 4,000. Hata hivyo hesabu hiyo ni ya kukisia tu, maana mwendo hubadilika kwa hali ya hewa, kwa mteremko na kwa aina ya mimea, na tabaka za chini hubanwa na uzito wa zile za juu.

Vinamasi vya aina hii, vinavyofunika vilima na mabonde bila kuchagua mithili ya blanketi, huhitaji mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, na tena mvua inyeshayo siku nyingi kidogo kidogo kuliko ile ya masika inayomwagika na kupita. Pwani ya Mayo ina sifa hizo. Basi kwa nini kinamasi kisiwepo tangu mwanzo, bali kije baada ya wakulima?

Hapa majibu ni mawili, na huenda yote yana sehemu ya ukweli. La kwanza ni kwamba hali ya hewa ilizidi kuwa ya unyevu. La pili ni kwamba wakulima wenyewe waliufungulia mlango. Mti hunyonya maji mengi ardhini na kuyarudisha hewani kupitia majani yake. Msitu ukifyekwa, maji hayo hubaki. Mvua ikizidi kupita katika udongo ulio wazi, huyeyusha chuma na madini mengine kutoka juu na kuyashusha chini, ambako huganda kuwa tabaka gumu jembamba lisilopitisha maji. Juu ya tabaka hilo maji husimama, matete na mimea ya majimaji huota, mboji huanza. Mkulima wa Behy hakuona gharika. Aliona malisho yakizidi kuwa mabichi mwaka hata mwaka, kwato za ng'ombe zikizama, na pengine alimwambia mwanawe kwamba shamba la babu lilikuwa bora zaidi.

Kinamasi chenyewe hakijatulia mpaka leo. Tarehe 19 Septemba 2003 mvua kubwa ya usiku ilinyesha karibu na Pollatomish, upande wa magharibi wa pwani hiyo hiyo, na mboji na udongo vikaporomoka kutoka mlimani katika sehemu kadhaa, vikavunja nyumba na barabara.

Chavua na kaboni

Umri wa mashamba ulitafutwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni chavua. Kila mmea utoao maua una chembe za chavua zenye umbo lake mahususi, na ganda la chembe hiyo halivunjwi na asidi. Upepo huzitawanya, kinamasi huzimeza, na kila tabaka la mboji huhifadhi picha ya mimea iliyokuwako wakati wake. Karen Molloy na Michael O'Connell walipandisha mhimili wa mboji kutoka Glenulra na kuzihesabu chembe kwa darubini, matokeo wakayachapisha mwaka 1995. Chini palikuwa na chavua ya msonobari na miti mingine. Kisha chavua ya miti ikapungua sana, na mahali pake ikaja ya majani ya malisho, na ya gugu Plantago lanceolata, ambalo hupenda mahali palipokanyagwa na mifugo. Ikaonekana na chavua ya nafaka. Hali hiyo iliendelea kwa karne tano hivi, takriban 3700 hadi 3200 K.K. Baada ya hapo malisho yakapungua, miti ikarudi, na hatimaye kinamasi kikashinda.

Njia ya pili ni kaboni 14. Miali kutoka angani hugeuza sehemu ya naitrojeni ya anga la juu kuwa kaboni nururifu, ambayo mimea huinyonya pamoja na kaboni ya kawaida. Mmea ukifa, haupokei tena, na kaboni nururifu iliyomo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Kwa kupima kilichobaki, umri hujulikana, baada ya kusahihishwa kwa pete za miti ya kale. Visiki vya misonobari vilikuwa na maana ya pekee, maana miti hiyo iliota ndani ya mboji nyembamba iliyokwisha anza kufunika mashamba. Mwaka 1998 Seamas Caulfield na wenzake walichapisha vipimo vya visiki vingi kutoka Céide na jirani zake. Miti mingi iliota yapata miaka 5,000 iliyopita. Kama mboji ilikuja baada ya kuta, na msonobari ukaja baada ya mboji, basi kuta ni kongwe kuliko msonobari, na Behy ilikuwa na mashamba yaliyopangwa kabla piramidi za Misri hazijasimama.

Ubishi wa mwaka 2017

Hoja hiyo ilipendeza mno, na kwa miaka mingi ilirudiwa vitabuni bila maswali. Mwaka 2017 mwanaakiolojia Andrew Whitefield alichapisha makala ya kuipinga. Alizirudia kumbukumbu za uchimbaji, na akasema kwamba vilivyopimwa ni makaa, miti na chavua, wala si kuta zenyewe. Makaa yaliyopatikana ndani ya kiambaza yanaweza kuwa ya watu walioishi hapo kabla ya kiambaza kujengwa. Chavua inaonyesha kwamba palikuwa na malisho, lakini malisho hayahitaji ukuta. Na kinamasi hakianzi kila mahali siku moja: kisiki kilichoota ndani ya mboji ya bonde hakisemi lolote juu ya ukuta ulioko mteremkoni, ambako mboji huenda ilichelewa kwa miaka mingi. Aliongeza kwamba mashamba ya kanda sambamba yanajulikana Uingereza na Ulaya ya kaskazini-magharibi, nako ni ya Zama za Shaba na baada yake, zaidi ya miaka elfu mbili nyuma ya tarehe inayodaiwa kwa Behy. Na kwamba huenda hayakuwa na mpango mmoja, bali yaliongezwa kidogo kidogo.

Watetezi wa tarehe ya kale hawakunyamaza. O'Connell na Molloy, pamoja na mwenzao, walirudia ushahidi wote wa chavua mwaka 2020 na kushikilia kwamba kilimo kikubwa katika eneo hilo ni cha wakulima wa kwanza. Ukiuliza ni lini tena Behy ilikuwa na watu wa kutosha na ardhi iliyo wazi kiasi cha kubeba robo milioni ya tani za mawe, chavua inaelekeza huko huko.

Kwa haki, pande zote mbili zina nguvu mahali tofauti. Mantiki ya mwalimu wa Belderrig haijaguswa na yeyote: kilicho chini ya mboji kilitangulia mboji iliyo juu yake. Kinachobishaniwa ni kama mboji ya mahali pamoja inaweza kutoa tarehe ya ukuta wa mahali pengine. Swali hilo haliwezi kumalizwa kwa maneno. Litahitaji vipimo vilivyochukuliwa chini ya ukuta wenyewe, na juu yake pale pale, katika sehemu nyingi za kilima. Mwalimu atakayewafundisha wanafunzi wake habari za Behy atafanya vema kuwapa ubishi huu mzima, badala ya kuwapa mwaka mmoja wa kukariri.

Kinamasi leo

Mwaka 1993 kituo cha wageni chenye umbo la piramidi kilifunguliwa kando ya barabara, juu ya majabali, na ndani yake umesimamishwa shina la msonobari lililotolewa katika mboji. Mwaka 2010 serikali ya Ayalandi iliyaweka mashamba ya Céide pamoja na vinamasi vya kaskazini-magharibi mwa Mayo katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Wakati huohuo fikira za watu juu ya mboji zimebadilika. Kampuni ya taifa ya mboji, Bord na Móna, iliyoundwa mwaka 1946 kuipatia nchi nishati yake yenyewe, ilitangaza mwaka 2021 kwamba imeacha kabisa kuchimba mboji. Sababu ni kaboni. Ardhi ya mboji ni asilimia tatu hivi tu ya nchi kavu ya dunia, lakini imehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote. Ikichimbwa mifereji na kukaushwa, hewa huingia, uozaji uliosimama kwa maelfu ya miaka huanza tena, na hewa ya ukaa hupanda angani. Wako wazee wa Mayo waonao uchungu kuambiwa kwamba moto uliowapasha joto mababu zao sasa ni hatari, nao wana haki ya kusikilizwa. Jamaa chache zilizokata kwa sepetu hazikufanya uharibifu uliofanywa na mashine.

Kwa kuta za Behy, kinamasi chenye maji ndicho mlinzi wao. Zikifunuliwa, baridi na mvua huzivunja, na mizizi ya majani hupenya katikati ya mawe. Kwa hiyo sehemu chache tu zimeachwa wazi ili watu wazione. Kwingineko mgeni hutembezwa juu ya kinamasi, hupewa fimbo ya chuma aichomeke mwenyewe, na kutoka alipogusa jiwe hutazama mstari wa fito ukipanda kilima hadi unapopotea katika ukungu.